Maswali ya Wasomaji: Magofu, Watawa na Mashujaa katika Picha za Wajerumani wa Karne ya 19

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Caspar David Friedrich inayoonyesha gofu la abasia katikati ya mialoni isiyo na majani, tukaiwekea maelezo ya mistari miwili tu. Barua zilizofuata zimetuthibitishia kwamba mistari hiyo haikuwatosha wasomaji. Wengi wameuliza, kila mmoja kwa namna yake, ilikuwaje wasanii wa Ujerumani wa karne ya 19, walioishi wakati wa treni na mashine za mvuke, wakazijaza picha zao watawa, ngome, makanisa ya Kigothi (mtindo wa kale wa matao yaliyochongoka) na mashujaa wa farasi wenye deraya. Tumechagua maswali machache ambayo tunaweza kuyajibu kwa kirefu kidogo.

Ile picha ya abasia ni ya mahali halisi? Na hao watu waliovaa mavazi meusi wanabeba nini? (Msomaji, Morogoro)

Gofu lenyewe ni la kweli. Ni mabaki ya abasia ya Eldena, iliyoanzishwa na watawa wa Shirika la Wasisterisiani mwaka 1199 karibu na Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki alikozaliwa Friedrich mwaka 1774. Abasia hiyo ilifungwa wakati wa Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16, vita vya karne iliyofuata vikalidhoofisha jengo, na matofali yake yakachukuliwa kujengea kwingine. Friedrich alipokuwa mtoto, hapakuwa na mtawa aliyeishi Eldena kwa zaidi ya miaka 200.

Sasa itazame picha tena kwa utulivu. Ukuta wa mbele wa kanisa umesimama peke yake, dirisha refu lililo juu ya mlango halina kioo, na kuta za pembeni hazipo. Theluji imeyafunika makaburi. Hao watu wenye mavazi meusi ni watawa, na walichobeba ni jeneza. Wamekwisha kulipita kaburi lililo wazi na wanaelekea kwenye mlango wenye msalaba, mlango ambao nyuma yake hakuna kanisa. Nusu ya chini ya picha ni giza la ukungu, na nusu ya juu ni anga lenye mwanga hafifu wa manjano, kiasi kwamba jicho linachelewa kuwaona watu kabisa.

Msanii aliyetaka kutuonyesha maisha ya Zama za Kati angelijenga kanisa upya kwa rangi zake, akalitia paa, kengele na mishumaa. Friedrich amewaleta watu wa kale na kuwaingiza kwenye gofu la siku zake mwenyewe. Mazishi hayo hayangeweza kutokea wakati wowote, wala mwaka 1300 wala mwaka 1810, na nadhani nguvu ya picha hii imo humohumo katika kutowezekana kwake. Ilionyeshwa katika Akademia ya Berlin mwaka 1810, ikiwa imeambatana na picha nyingine ya mtawa aliyesimama ufukweni peke yake, na zote mbili zilinunuliwa na Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, mojawapo ya dola za Kijerumani, kwa kuhimizwa na mwanawe kijana. Leo zote zimo katika jumba la Alte Nationalgalerie mjini Berlin.

Mwalimu wetu wa historia alituambia kwamba mapenzi hayo ya Zama za Kati yalikuwa mambo ya wafalme na wahafidhina waliochukia mabadiliko. Je, ni sahihi? (Mwanafunzi wa sanaa, Dar es Salaam)

Mwalimu wenu amesema kweli kuhusu miaka ya baadaye. Kuhusu mwanzo wake, hali ilikuwa karibu kinyume.

Tarehe 6 Agosti 1806 Dola Takatifu la Roma, ambalo kwa karne nyingi liliwaunganisha kwa jina watawala wengi wadogo wa Kijerumani, lilivunjwa kwa shinikizo la Napoleon, na mwezi Oktoba mwaka huohuo jeshi la Prussia likasambaratishwa karibu na mji wa Jena. Hapakuwa na nchi iitwayo Ujerumani kwenye ramani. Palikuwa na lugha, na palikuwa na kumbukumbu ya makaisari wa kale. Kijana msomi aliyetamani nchi moja yenye katiba hakuwa na mfano wa kuuonyesha kutoka katika maisha yake, kwa hiyo aliutafuta nyuma kabisa, kabla ya wafalme waliokuwa wakimtawala, na kuuvika sura ya ngome, mialoni na makanisa yaliyochongoka. Zama hizo alizoziwazia zilikuwa na umoja na uhuru ambao Zama za Kati zenyewe hazikuwahi kuwa nao, lakini kwake hilo halikuwa jambo la maana. Alikuwa akiizungumzia nchi aliyoitaka.

Ndiyo maana baada ya vita vya 1813 hadi 1815 dhidi ya Napoleon wanafunzi na wasanii walianza kuvaa koti refu jeusi lenye ukosi mpana pamoja na kofia bapa ya kitambaa, vazi walilosema ni la Kijerumani la kale. Wafalme walikuwa wameahidi mengi wakati wa vita, na baada ya ushindi wakanyamaza. Maazimio ya Karlsbad ya mwaka 1819, yaliyopitishwa na watawala wa Kijerumani, yalipoyabana magazeti, vyuo vikuu na vyama vya wanafunzi, vazi hilo likageuka alama ya uchochezi machoni mwa polisi. Friedrich hakuacha kuwavika watu wa picha zake. Katika picha ya wanaume wawili wanaoutazama mwezi, iliyoko Dresden, wote wawili wamelivaa, na mtazamaji wa miaka ile hakuhitaji kufafanuliwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni picha yake ya kaburi la Ulrich von Hutten, aliyoichora mwaka 1823 na 1824, miaka 300 baada ya kifo cha mpiganaji na mwandishi huyo. Hutten hakuwahi kuzikwa katika kanisa la namna ile. Friedrich amelibuni kaburi na kuliweka ndani ya gofu la Kigothi ambalo madirisha yake hayana vioo na mimea imeota kwenye kuta, na mwanamume mmoja ameinama juu ya jeneza la jiwe. Ukisogea karibu unaona majina yaliyoandikwa ubavuni mwa jeneza, na miongoni mwake yamo ya Arndt, Jahn, Görres na Stein, watu waliopigania umoja wa Wajerumani dhidi ya Napoleon, ambao baadhi yao walikuja kufukuzwa kazi, kufungwa au kukimbilia uhamishoni kwa amri ya watawala wao wenyewe. Mchoraji ameyatumia mawe ya kale kusema jambo ambalo gazeti lisingeruhusiwa kulichapisha.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1840. Yule mwana wa mfalme aliyehimiza kununuliwa kwa abasia alirithi kiti mwaka 1840 akiwa Friedrich Wilhelm IV, naye alizipenda Zama za Kati kwa moyo wote, ila alichokipenda ndani yake ni kaisari aliyewekwa na Mungu na raia waliokijua cheo chao. Mwaka 1849 wabunge waliokutana Frankfurt walipomletea taji la Ujerumani iliyoungana, alilikataa kwa kuwa lilitoka mikononi mwa watu.

Mwaka huohuo Alfred Rethel, mchoraji aliyekuwa akipamba ukumbi wa jiji la Aachen kwa maisha ya Karolo Mkuu, kaisari wa Zama za Kati, alitoa michoro sita iliyochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa. Alichukua wazo la Zama za Kati la ngoma ya mauti, ambamo kiunzi cha mifupa humshika kila mtu mkono na kwenda naye, awe papa au mkulima, na kuligeuza liwe onyo dhidi ya mapinduzi. Katika mchoro mmoja Mauti amesimama mbele ya baa akiwaonyesha wananchi mizani: upande mmoja taji la mfalme, upande mwingine kiko cha kuvutia tumbaku, na vimelingana. Umati unashangilia. Hawaoni kwamba mizani hiyo ameishika isivyo, kwa ulimi wake, kiasi kwamba haiwezi kupima chochote. Anayeondoka ni bibi mzee kipofu. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na mtu anaweza kuikubali bila kuukubali ujumbe wake. Kwa hiyo mwambie mwalimu kwamba mifupa ile ile, ngome zile zile na makaisari wale wale walizitumikia pande mbili, na kwamba vijana ndio walioanza.

Je, wachoraji hao walijua historia, au walibuni tu? (Msomaji, Nakuru)

Walisoma sana na bado walibuni. Chukua mfano wa Franz Pforr, aliyekuwa mmoja wa wanafunzi sita walioanzisha Udugu wa Mtakatifu Luka mjini Vienna mwezi Julai 1809, pamoja na Friedrich Overbeck wa Lübeck. Walichoshwa na mafunzo ya akademia, ambako mwanafunzi alitumia miaka kunakili sanamu za Kigiriki, wakaamini kwamba uchoraji ulipoteza roho yake baada ya Raphael wa Italia na Dürer wa Ujerumani, wachoraji wa mwaka 1500 hivi. Mwaka 1810 walihamia Roma na kuishi katika vyumba vya monasteri iliyoachwa ya Sant'Isidoro, wakifuga nywele ndefu, jambo lililowapatia jina la kejeli la Wanazareti, ambalo ndilo limebaki katika vitabu.

Picha ya Pforr ya mfalme Rudolf wa Habsburg akiingia mji wa Basel mwaka 1273 ina maelfu ya vitu vidogovidogo: vigae, madirisha, hatamu za farasi, nyuso za watu waliochungulia barabarani. Kila kimoja kimechorwa kwa mstari mkali na rangi safi isiyochanganywa na kivuli, kana kwamba kimekatwa kwa mkasi. Lakini mavazi ya watu hao ni ya mwaka 1500 hivi, wakati wa Dürer, si ya 1273. Pforr aliyachukua katika michoro ya kale aliyoipenda, na kwake miaka 200 na ushei ya tofauti haikuwa kosa, kwa sababu alichotafuta ni unyofu wa mkono wa wale mafundi wa zamani, hata kama tarehe ziligongana. Alifariki mwaka 1812 kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 24, na Overbeck akaishi Roma mpaka kifo chake mwaka 1869, akichora kwa namna ileile wakati ulimwengu ulishamwacha nyuma.

Tusiwadharau, hata hivyo. Wao ndio waliofufua ufundi wa kuchora ukutani kwenye lipu mbichi, ambao katika Ujerumani ulikuwa umekaribia kusahaulika. Michoro waliyoifanya Roma mwaka 1816 na 1817 katika nyumba ya balozi mdogo wa Prussia, Jakob Salomon Bartholdy, ilibanduliwa baadaye na kupelekwa Berlin, na mmoja wao, Peter Cornelius, aliitwa kurudi nyumbani, akapewa kuta kubwa za majengo ya München.

Ninaishi Köln, na kila mtu hapa huniambia kwamba Kanisa Kuu ni la Zama za Kati. Rafiki yangu mhandisi anasema ni la karne ya 19. Nani mkweli? (Msomaji, Köln, mzaliwa wa Mombasa)

Wote wawili. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248, na katika karne ya 16 fedha na hamu viliisha, ujenzi ukasimama. Sehemu ya mashariki ilikuwa tayari, mnara wa kusini ulikuwa kisiki, na juu ya kisiki hicho ilibaki winchi kubwa ya mbao ya kupandishia mawe, ambayo iliachwa hapo na kuwa alama ya mji kwa zaidi ya miaka 300. Ukiziangalia picha za Köln zilizochorwa kabla ya 1868, utaiona.

Mfanyabiashara Sulpiz Boisserée, aliyekusanya pamoja na ndugu yake picha za makanisa zilizotawanyika baada ya mali za Kanisa kutaifishwa, aliifanya kazi ya kulimalizia jengo hilo kuwa shughuli ya maisha yake. Bahati ilimsaidia: mwaka 1814 nusu ya ramani ya asili ya uso wa magharibi, iliyochorwa kwenye ngozi, ilipatikana Darmstadt, na miaka miwili baadaye nusu ya pili ikapatikana Paris. Mafundi wa karne ya 19 waliweza hivyo kuijenga minara ambayo mababu waliichora tu. Friedrich Wilhelm IV aliweka jiwe jipya la msingi tarehe 4 Septemba 1842, na sherehe ya kumaliza ikafanyika tarehe 15 Oktoba 1880. Minara yenye urefu wa mita 157 ililifanya kuwa jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka michache.

Rafiki yako mhandisi atafurahi kujua kwamba paa la kanisa hilo limebebwa na fremu ya chuma. Waliofuata ramani ya kale kwa uaminifu mkubwa nje hawakuona haya kutumia chuma cha kiwandani mahali ambapo macho hayafiki.

Kejeli haikukosekana pia. Mfalme aliyeweka jiwe alikuwa Mprotestanti na kanisa lilikuwa la Kikatoliki, na ilipofika 1880 serikali na Kanisa Katoliki walikuwa wamegombana vikali kiasi kwamba askofu mkuu wa Köln alikuwa uhamishoni siku ya sherehe ya kanisa lake. Mshairi Heinrich Heine, ambaye mwanzoni aliunga mkono mchango wa ujenzi akiwa Paris, alibadili msimamo na mwaka 1844 akaudhihaki mradi mzima.

Ila kejeli kubwa kuliko zote ni hii. Tangu mwandishi Goethe alipoandika kijitabu chake cha mwaka 1772 kulisifu kanisa kuu la Strasbourg, wazalendo walishika kwamba mtindo wa Kigothi ni wa Kijerumani, umeota katika misitu ya Kijerumani na unaitangaza roho ya Kijerumani. Msanifu majengo na mchoraji Karl Friedrich Schinkel alipochora mwaka 1815 mji wa kubuni wa Zama za Kati kando ya mto, wenye upinde wa mvua na kanisa ambalo mnara wake mmoja haujaisha, huku mtawala akirejea nyumbani kwa shangwe, kila mtu alielewa kwamba nchi ni hilo kanisa linalongoja kumaliziwa. Lakini mtindo huo ulizaliwa Ufaransa, katika abasia ya Saint-Denis karibu na Paris miaka ya 1140, na kanisa la Köln lenyewe lilifuata mfano wa lile la Amiens. Wasomi wa Kijerumani walilithibitisha hilo wakati ujenzi ukiendelea. Michango haikusimama.

Kasri la Neuschwanstein lina umri gani? Watoto wangu wanabisha kwamba ni la mashujaa wa kweli. (Mama msomaji, Arusha)

Mama, jiwe la msingi liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869, kwa hiyo kasri hilo ni changa kuliko reli nyingi za Ulaya. Mfalme Ludwig II wa Bavaria alikulia katika kasri jirani la Hohenschwangau, ambalo baba yake alilikarabati na kulijaza michoro ya hadithi za mashujaa, na alipopata madaraka alitaka hadithi hizo ziwe na nyumba. Sura ya kasri ilichorwa kwanza na Christian Jank, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mandhari za jukwaa la opera. Wasanifu majengo walikuja baada yake. Kuta ni za matofali yaliyovikwa mawe meupe. Ndani mlikuwa na mfumo wa kupasha vyumba joto kwa hewa moto, maji ya bomba, vyoo vya kuvuta maji na kengele za umeme za kuwaitia watumishi, na kati ya sebule na chumba cha kazi cha mfalme lilijengwa pango la bandia.

Waambie watoto kwamba mashujaa wa kweli waliwahi kuwa na ngome palepale. Magofu yake yalikuwa bado yamesimama mwaka 1868, na yalivunjwa ili kuipisha ngome hii ya kuigiza.

Ludwig alifariki mwezi Juni 1886 kasri likiwa halijaisha, na wiki chache baadaye milango ikafunguliwa kwa watalii wenye tiketi.

Je, si hisia hizi hizi zilizowafikisha Wajerumani kwa Hitler? (Msomaji, Kisumu)

Njia ipo, lakini si fupi na haikunyooka. Mfuate Kaisari Friedrich Barbarossa, aliyezama mtoni mwaka 1190 akiwa safarini kwenye vita vya msalaba. Ngano ilisema kwamba kaisari amelala chini ya mlima wa Kyffhäuser, ndevu zake zikiendelea kukua, na kwamba ataamka siku nchi itakapomhitaji. Hapo kale ngano hiyo ilimhusu mjukuu wake, Friedrich II, kisha watu wakaihamishia kwa babu. Mwaka 1817 ilikuwa shairi la waliokata tamaa. Baada ya dola kuundwa mwaka 1871 ikawa mapambo ya washindi: mchoraji Hermann Wislicenus alitumia miaka mingi kupamba ukumbi wa makaisari huko Goslar, ambako Barbarossa anaonekana akiamka na Wilhelm I, kaisari wa dola hiyo mpya, akitokea kama utimilifu wa ndoto, na mwaka 1896 ukazinduliwa mnara wenye urefu wa mita 81 juu ya mlima wenyewe, Barbarossa wa jiwe akiwa chini na Wilhelm juu ya farasi. Hitler naye aliupa uvamizi wa Umoja wa Kisovieti wa mwaka 1941 jina la kaisari huyo.

Kumlaumu mchoraji Friedrich au Pforr kwa hilo naona ni kuwaonea. Wislicenus ni jambo jingine, kwani aliijua kazi aliyotumwa na aliifanya kwa hiari, na ukuta wake unachosha hata kabla hujaanza kuufikiria kisiasa.

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la hapa Dar es Salaam nalo limetokana na sanaa hiyo? (Msomaji, Kigamboni)

Undugu upo, ila ni wa mbali. Lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani kuanzia mwaka 1897, na wakati huo matao yaliyochongoka yalikuwa yameshakuwa mazoea ya kawaida ya kujengea makanisa, bila mtu kufikiria tena habari za Napoleon wala za umoja wa nchi. Kumbuka pia kwamba Waingereza walikuwa na uamsho wao wa Kigothi, wenye mizizi yake wenyewe. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, walilolijenga miaka ya 1870, lina matao ya aina hiyo yakiwa yamechanganywa na mapambo ya Kiislamu, hivyo tao peke yake halitoshi kukuambia kwamba aliyejenga alikuwa Mjerumani.